Kabla ya Kitunguu Saumu: Maji, Viongezo vya Asili na Afya ya Kuku wa Nyama



Hiki kilicho mezani ni kipande cha bomba la maji, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Nimekipasua kwa msumeno wa chuma ili ndani paonekane. Kimetoka katika banda la mama mmoja pembezoni mwa Dar es Salaam, aliyeniita kwa sababu kila kundi la vifaranga wake lilianza kuharisha likifika wiki ya pili. Aliniambia kwa uchungu kwamba hakuna asichowapa. Kitunguu saumu Jumatatu, shubiri Jumatano, molasi ili wapate nguvu, vitamini za pakiti mara mbili kwa wiki. Vyote hivyo vilipita humu. Tazameni: ndani kuna utando wa kahawia, mnene kama ganda la yai, unaoteleza kama bamia. Ukiusogeza puani unasikia kitunguu saumu kilichooza.

Mama huyu hakuwa mzembe. Alikuwa na daftari, alikuwa na saa, na alikuwa mwaminifu kwa ratiba yake kuliko wafugaji wengi ninaowatembelea. Ila utando ule ni mji wa bakteria. Wanajishikiza kwenye ukuta wa bomba, wanajifunika kwa ute wao wenyewe, na chini ya ute huo dawa inayowaua wenzao wanaoelea majini haiwafikii kirahisi. Sukari ya molasi ni chakula chao. Vitamini ni chakula chao. Chembe za kitunguu zisizochujwa ni mahali pa kujishikia. Alikuwa akilisha bomba kabla ya kulisha kuku.

Nimeanza na bomba kwa kusudi. Watu wengi wakinialika kuzungumza juu ya viongezo vya asili hutaka niwape orodha: jani hili linatibu nini, kijiko kimoja kwa lita ngapi. Orodha hiyo sitaitoa leo. Nina jambo moja la kusema, nalo ni kwamba viongezo vya asili ni kazi ya siku ambazo kuku ni wazima na maji ni safi. Anayevikumbuka siku kuku wamelala chini amechelewa, na anayevitia katika maji machafu ameongeza uchafu.

Tuanze na kuku mwenyewe. Kifaranga wa nyama anatoka katika mashine ya kutotolea akiwa na gramu 40 hivi. Baada ya wiki tano, akilishwa vizuri, anafika kilo mbili. Ni wanyama wachache tunaowafuga wanaoongeza uzito wao mara 50 kwa siku 35. Mwili huo unaokimbia hivyo una maji takriban asilimia 70, na kwa kila kilo ya chakula anachokula, kuku hunywa karibu lita moja na robo tatu hadi mbili kukiwa na ubaridi wa wastani. Joto likipanda, kiasi hicho hupanda haraka kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa kuku hana tezi za jasho. Hupoza mwili kwa kuhema, mdomo wazi, na kila pumzi hutoka na mvuke.

Hapo pana jambo ambalo sijalisikia likizungumzwa sana mabandani. Ukipima kiongezo kwa lita, basi siku ya joto kuku wako wanapokea kiasi kikubwa kuliko siku ya mvua, kwa sababu wanakunywa zaidi. Kipimo kilichowafaa Julai kinaweza kuwa kikali Februari. Kwa chumvichumvi na vitu vichungu tofauti hiyo si ndogo.

Sasa, kwa nini dunia nzima imerudi kwenye siki, vitunguu na bakteria wa maziwa? Mwishoni mwa miaka ya 1940, Thomas Jukes na Robert Stokstad, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Lederle huko Marekani, walikuwa wakitafuta chanzo cha vitamini B12 kwa ajili ya vifaranga. Wakawalisha mabaki ya uchachushaji uliotumika kutengeneza antibayotiki ya aureomaisini, na vifaranga wakakua kuliko vitamini peke yake ingeweza kueleza. Tangu hapo antibayotiki ikawa kiungo cha chakula cha kuku, wazima kwa wagonjwa, kwa viwango vidogo, kila siku. Miaka ikapita, bakteria wakajifunza. Sweden ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 1986. Umoja wa Ulaya ulimaliza kuyafunga tarehe 1 Januari 2006. Mwaka 2015 wanasayansi wa China walieleza juu ya jeni iitwayo mcr-1, inayohamishika kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, inayowawezesha kustahimili kolistini. Kolistini ni dawa ambayo madaktari wa binadamu huiweka kwa ajili ya mgonjwa ambaye dawa nyingine zote zimemshinda. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likashauri wafugaji waache kuwapa wanyama wazima antibayotiki za kuwakuzia.

Kwetu sisi antibayotiki ya pakiti bado inauzwa kama njugu. Nimeingia katika maduka ya dawa za mifugo nikamsikia mteja akisema, "Nipe ile ya njano," akapewa, bila mtu kuuliza kuku wana nini. Jambo hili linaniumiza, na sioni sababu ya kulificha. Yule kuku ataliwa na mtoto, na mtoto yule siku moja atahitaji dawa ifanye kazi. Ndiyo maana nawaunga mkono kwa moyo wote wafugaji wanaotafuta njia nyingine. Lakini nawaomba waitafute kwa akili ileile ambayo wangeitumia kwa dawa, kwa kujua kitu kinafanya nini, kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Njia hiyo nyingine, kwa maoni yangu, inaanzia kwa mama kuku. Kuku wa kienyeji akiatamia, vifaranga wakatoka, siku ileile wanachakura chini yake, wanadonoa alipodonoa na penye kinyesi chake. Sisi tukiona tunasema uchafu. Kumbe pale wanarithi. Utumbo wa kifaranga aliyetoka kwenye yai karibu ni mtupu. Wa kwanza kuingia ndiye anayejenga nyumba. Kifaranga wa mashine hana mama. Anatoka kwenye trei iliyosafishwa, anaingia kwenye kasha, anapanda basi, anafika bandani kwako, na wa kwanza kuingia tumboni mwake ni yeyote aliye kwenye maji yako.

Huko Finland mwaka 1971 bakteria wa salmonela walisambaa katika mashamba ya kuku wa nyama. Mtafiti Esko Nurmi akajiuliza kwa nini kuku wakubwa hustahimili vijidudu ambavyo vifaranga wa siku moja hawavistahimili. Akachukua bakteria wa utumbo wa kuku wakubwa wenye afya, akawapa vifaranga wachanga, kisha akawaingizia salmonela. Wengi wakaikataa. Matokeo hayo aliyachapisha pamoja na mwenzake Rantala mwaka 1973, na mpaka leo bidhaa nyingi za bakteria rafiki zinazouzwa kwa ajili ya kuku zina deni kwa wazo lile. Nafasi ikishakaliwa na wema, mwovu hukosa kiti.

Kutokana na hilo, wengine huwapa vifaranga mtindi uliochanganywa na maji. Sina ugomvi na mtindi, ila nina masharti. Uwe na bakteria hai, uliogandishwa nyumbani au dukani bila kuchemshwa tena. Uwe kidogo, kwa sababu kuku hana kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa na akizidishiwa ataharisha. Utolewe ndani ya saa chache kisha chombo kioshwe, usilale humo. Na usitiwe katika maji yenye klorini, maana utawaua walewale unaowaleta. Mjue pia kwamba bakteria wa maziwa ya ng'ombe si lazima wakae katika utumbo wa kuku. Wengi wanapita njia. Bidhaa iliyotengenezwa kwa bakteria wa kuku, siku ya kwanza na ya pili, inafanya kazi iliyo karibu zaidi na ile ya mama.

Siki nayo ina kazi yake, na kazi hiyo inaeleweka vizuri. Asidi nyepesi kama ya siki, ya maziwa lala au ile ya fomiki iliyomo katika bidhaa za viwandani, ikiwa katika maji yenye uchachu, hupenya ukuta wa bakteria ikiwa nzima. Ndani ya bakteria hukuta hali isiyo chachu, ikavunjika, ikaachia uchachu wake mle ndani. Bakteria hutumia nguvu zake zote kuusukuma nje, akachoka, akafa au akashindwa kuzaana. Bakteria kama salmonela na E. koli huumia kwa namna hiyo. Wale wa jamii ya laktobasili, waliozoea kuishi katika uchachu, huvumilia. Ni silaha inayobagua, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Kuna saa moja ambayo asidi ina faida ya pekee, nayo ni kabla ya kuchinja. Kuku akinyimwa chakula kwa saa kadhaa ili matumbo yawe matupu, kile kifuko cha shingoni kinachopokea chakula hupoteza uchachu wake wa kawaida. Kuku mwenye njaa hudonoa maranda yenye kinyesi, na salmonela ikapata pa kustawi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba asidi ya laktiki, asilimia 0.44 katika maji ya kunywa wakati wa njaa hiyo, ilipunguza salmonela na kampilobakta katika kifuko hicho. Faida hiyo inamfikia mlaji moja kwa moja, ingawa mfugaji haioni kwenye mizani.

Mtaniuliza vijiko vingapi. Siwezi kuwaambia, na anayewaambia bila kuyaona maji yenu anabahatisha. Maji ya visima vingi vya pwani ni ya chumvi, na ya sehemu nyingine ni magumu, yenye chokaa. Maji magumu hupambana na asidi. Unatia siki, yenyewe yanaimeza, na uchachu hausogei. Maji ya mvua hayana ubishi huo, kijiko kimoja kinaweza kuyachachusha kupita kiasi. Nunua karatasi za kupimia pH. Lenga kati ya 5 na 6.5. Ukishuka chini ya 4 kuku hupunguza kunywa, na kuku asiyekunywa hali, na asiyekula hakui. Usitumie chombo cha bati, asidi hula zinki yake ikaingia majini.

Sasa kitunguu saumu, ambacho najua ndicho kilichowaleta wengi. Punje nzima ya kitunguu saumu haina ile dawa inayosifiwa. Ina kitu kiitwacho aliini upande mmoja, na kimeng'enya upande mwingine, vimetenganishwa na kuta za seli. Ukiponda, vinakutana, na alisini inazaliwa hapohapo. Ndiyo ile harufu. Anayechemsha vitunguu vizima kisha akawapa kuku ule mchuzi ameua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Mimi mwenyewe nilifundisha watu kuchemsha kwa miaka kadhaa, kwa sababu nami nilifundishwa hivyo, na leo naomba radhi kwa walionifuata. Ponda, acha kwa dakika kama kumi, chuja kwa kitambaa kisichopitisha chembe, tia katika maji ya siku hiyo tu. Alisini haidumu, hupungua kadiri muda unavyopita. Maji ya kitunguu ya jana huanza kuoza.

Juu ya shubiri tuna ushahidi wa nyumbani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2002 majaribio ya utomvu wa Aloe secundiflora, aina ya mshubiri inayoota kwa wingi Afrika Mashariki, kwa kuku wa kienyeji walioambukizwa kwa makusudi homa ya matumbo ya kuku, na wengine kideri. Vifo vilipungua, hasa kwa waliopewa utomvu kabla ya kuambukizwa. Lakini vilipungua tu. Kwa kideri, kuku waliopewa shubiri waliendelea kufa kwa idadi ambayo hakuna mfugaji wa biashara angeivumilia. Ninapomwona mtu ameacha chanjo kwa sababu ana mshubiri uani, namwambia awasome watafiti walewale anaowategemea. Chanjo ya kideri inagharimu kidogo kuliko mboga ya siku moja.

Pilipili kichaa ni hadithi tofauti. Wengi huogopa kwamba inamuunguza kuku. Haimuunguzi. Kile kipokeo cha neva kinachotufanya sisi tuhisi moto wa pilipili kwa kuku hakiitambui kapsaisini, na ndiyo maana ndege wa porini hula pilipili na kusambaza mbegu zake. Aliyekigundua kipokeo hicho kwa upande wa wanyama kama sisi, David Julius, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Basi pilipili haimtesi. Kwamba inamponya mafua, kama tunavyoambiana, hilo ni jambo jingine, na mafua ya kuku yana vyanzo vingi mno kuwa na dawa moja ya bustanini. Fungua mapazia ya banda kwanza, utoe hewa ya mkojo inayochoma macho.

Mwarobaini kuku wanauhisi. Wana vipokeo vitatu tu vya uchungu, lakini vinatosha. Maji machungu hawayanywi vizuri. Ukitaka kujua kama umezidisha, usiwatazame kuku, tazama tangi: kama jana waliondoa lita 200 na leo 150 na hali ya hewa ni ileile, dawa yako imekuwa kinyume.

Asali na glukosi nitazipitia upesi. Kuku hana kipokeo cha utamu kama chetu. Asali haimbembelezi. Glukosi ina maana kwa kifaranga aliyesafiri siku nzima na kuchoka, kwa saa chache za mwanzo, kama nguvu ya haraka. Baada ya hapo ni chakula cha ule utando mnaouona mezani.

Joto linastahili muda kidogo zaidi, kwa sababu linaua kuku wakubwa, waliokwisha kula chakula chote, siku tatu kabla ya soko. Kuku anapohema kwa nguvu hutoa hewa ya ukaa nyingi mno, damu ikapoteza mizani yake, na figo zikatoa madini kujaribu kuirekebisha. Bikabonati ya soda, ile nyeupe laini inayouzwa pamoja na vitu vya kupikia, husaidia kurudisha kilichopotea na humfanya kuku anywe zaidi. Tafadhali msiibadilishe na magadi. Magadi ni mchanganyiko wa udongoni, haujulikani una nini na kiasi gani, na kifaranga hufa kwa chumvi upesi. Vitamini C pia husaidia. Kuku hujitengenezea mwenyewe, lakini katika joto kali utengenezaji wake haumtoshi. Ndimu ina nafasi hapo. Hata hivyo, kati ya yote niliyowahi kuona yakiokoa kuku Februari, la kwanza ni tangi kuwekwa kivulini. Tangi jeusi juani hutoa maji ambayo wewe mwenyewe usingeyaoga, na kuku hayanywi. Lifunike kwa makuti. Fungulia maji yaliyolala kwenye mabomba yamwagike nje saa sita mchana.

Kuna michanganyiko naomba iachwe leo hii. Siki na bikabonati katika tangi moja huchemka povu, kisha umebaki bila siki na bila bikabonati. Siki na jiki zikikutana zikiwa nzito hutoa gesi ya klorini, nayo haitamdhuru kuku kwanza, itakudhuru wewe uliyeinama juu ya ndoo. Klorini hufanya kazi vizuri zaidi katika maji yenye uchachu kidogo, hilo ni kweli, lakini kila kimoja huyeyushwa peke yake katika maji mengi. Mwisho wa mstari wa mabomba klorini iwe miligramu 3 hadi 5 kwa lita. Na siku za chanjo ya majini, ambazo kwa ratiba nyingi hapa nchini ni siku ya 7 kwa kideri na ya 14 kwa Gumboro, kila kitu kisimame tangu siku iliyotangulia: klorini, siki, vitunguu, kila kitu. Virusi wa chanjo ni hai, na kinachoua vijidudu kitawaua nao. Gramu mbili na nusu za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, yakitangulia chanjo, huwalinda na mabaki ya klorini. Nimekuta kundi zima limeugua Gumboro wakati daftari linaonyesha limechanjwa, na ndoo iliyotumika ilikuwa imelala na jiki.

Kuhara damu hakumo katika habari hizi zote. Mayai ya vijidudu vyake hayajali klorini, hayajali siki. Yanaiva katika maranda yenye unyevu. Basi rekebisha chombo kinachovuja na kulowesha maranda.

Nimalizie na yule mama wa bomba. Tuliondoa mabomba, tukayajaza dawa ya haidrojeni peroksaidi usiku kucha bandani mkiwa hamna kuku, tukayasafisha kwa maji ya kasi hadi maji yakatoka meupe. Kundi lililofuata hakulipa chochote wiki ya kwanza isipokuwa bakteria rafiki siku mbili za mwanzo na maji safi. Kuharisha kwa wiki ya pili hakukutokea. Alitaka kurudia kila kitu mara moja, nikamwomba agawe banda kwa wavu: upande huu kitunguu saumu, upande ule maji matupu, chakula kimoja, mizani moja, wapimwe kuku 20 kila upande kila Jumapili. Amefanya hivyo kwa makundi matatu sasa. Kitunguu bado hakijampa uzito wowote wa ziada. Siki bado anaijaribu, na kwa kundi hili anasema maranda ya upande wa siki yamekaa makavu kuliko ya upande wa pili. Tumekubaliana kusubiri makundi mengine mawili kabla ya kusema lolote. Daftari lake liko hapa, ameniruhusu niwaonyeshe. Kipande cha bomba kitabaki mezani mpaka jioni, na atakayetaka kulipasua la kwake, msumeno ninao.